Pasipoti ya mlinzi haikai kwenye droo ya bosi

Nilikuwa mlinzi Doha, Qatar, langoni mwa hoteli ya kifahari. Wageni walidhani nimeajiriwa na hoteli. Kumbe mwajiri wangu alikuwa kampuni ya ulinzi iliyoshinda zabuni, na pasipoti yangu aliifungia kwenye droo ya ofisi yake. Deni la ajenti wa Nairobi aliyenitafutia kazi lilikuwa bado linanikaba, hivyo hata mshahara ulipochelewa nilinyamaza. Ndivyo mtu anavyofungwa bila pingu.

Sheria ya Qatar inamkataza mwajiri kukaa na pasipoti ya mfanyakazi. Lakini sheria haiifungui droo. Anayeweza kuifungua haraka ni mteja anayelipa: hoteli, benki, uwanja wa ndege.

Wateja kama hao Uingereza imejaribu kuwabana: sheria yake ya 2015 inazitaka kampuni zenye mapato ya pauni milioni 36 kwa mwaka au zaidi zieleze hatua zilizochukua dhidi ya utumwa. Sheria hiyohiyo inairuhusu kampuni kuandika kwamba haikuchukua hatua yoyote! Karatasi kama hiyo haimwokoi mtu.

Nanyi mnaokodi walinzi na wasafishaji hapa Nairobi na Mombasa, kabla ya kuisaini zabuni ya bei ya chini kabisa, zungumzeni na wafanyakazi wenyewe, bosi wao asiwepo. Kitambulisho chako kiko wapi? Nani alilipa ada ya ajenti? Mshahara wa mwezi jana umeingia? Mkigundua dhuluma, msikimbilie kuvunja mkataba mkawaacha mikono mitupu. Hakikisheni kwanza wamelipwa haki yao yote.