Mtaji wa Karata: Shilingi Ngapi Zinatosha?

Mwezi huu tuongee kamari, tena bila kufichana. Vijana wengi wenye kazi zao, kuanzia Mwananyamala mpaka Tandika, wana mkeka kwenye simu, na wapo walioanza kuonja poka, ile karata ya kasino. Swali lao ni moja: anayeanza anahitaji mtaji wa shilingi ngapi?

Wacheza poka wazoefu wana jibu. Mtaji ni hela iliyotengwa kwa ajili ya mchezo tu, na kila unapokaa mezani usiweke zaidi ya sehemu moja ya ishirini. Kama kiingilio cha meza ni shilingi 20,000, mtaji wako uwe 400,000. Mmarekani Chris Ferguson, bingwa wa dunia wa mwaka 2000, alijiwekea kanuni hiyo ya asilimia 5 mwaka 2006. Alianzia kwenye mashindano ya bure ya intaneti, bila kuweka hata senti, na ilimchukua zaidi ya mwaka kufikisha dola 10,000. Umeona? Bingwa mzima, na bado alikuwa anahesabu vijisenti!

Kwa nini ishirini? Kwa sababu hata fundi hupigwa mara tano, sita mfululizo. Mtaji unampa muda wa kusubiri ufundi wake ulipe.

Hapo ndipo wengi wanapochemsha. Kanuni hiyo inamsaidia anayecheza na watu wenzake na kuwazidi ujuzi. Ukicheza na kasino yenyewe, iwe kwenye mashine au ile poka ya kushindana na mgawa karata, mwenye mchezo ameshajiwekea chake kwenye hesabu. Mkeka nao ni hivyo hivyo.

Tuseme mechi ina pande mbili zenye nafasi sawa, na kila upande unalipa mara 1.90. Wawili wakiweka 1,000 kila mmoja, kampuni imepokea 2,000 na italipa 1,900. Ashinde nani, 100 imebaki kwake. Unganisha mechi kumi za namna hiyo na makato yanajirudia mara kumi: kila 1,000 unayoweka ina thamani ya kama 600 tu. Ukibahatika, kuna kodi ya ushindi. Na hata ukichagua timu kumi ambazo kila moja ina nafasi 70 kwa 100, zote kushinda pamoja ni kama mara 3 katika 100. Ndiyo maana kila wiki kuna timu moja inachana mkeka!

Kwa hiyo, kwenye michezo hiyo hakuna mtaji unaotosha. Laki itaisha, milioni itaisha, tofauti ni siku tu. Ihesabu kama hela ya starehe, sawa na ya bia na mishikaki.

Sasa njooni wawili. Kodi ya nyumba ya miezi sita ikiingia kwenye mkeka, huo mtaji ni wa watu wawili na mmoja hajaulizwa. Simu inaanza kulala kifudifudi, majibu yanakuwa ya mkato, na mwenzako anahisi una nyumba ndogo. Utamlaumu? Uongo ni ule ule.

Kabla ya kucheza, fanya haya:

1. Toa kwanza kodi, chakula, nauli na akiba. Hela ya mchezo itoke kwenye kinachobaki.

2. Mtajie mwenzako kiasi, kwa mdomo wako. Kama unashindwa kukitaja, basi ni kikubwa mno.

3. Ikiisha, imeisha. Usikope kwenye simu ili kufukuzia iliyopotea.

4. Cheza penye leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyopo kwa Sheria ya mwaka 2003. Na wadogo zako wasiofika miaka 18 wasiguse.

Mtaji unaotosha ni ule ambao ukipotea wote usiku wa leo, kesho asubuhi nyumbani chai inachemka kama kawaida, na wote wawili mnajua ilikwenda wapi. Tukutane mwezi ujao!