Kikundi chako kianze na kuku wa jirani

Leo siongelei mbolea wala viuatilifu. Naongelea vikao.

Vijana wa kikundi kimoja hapa Mapinga, wengi wafugaji wa kuku wa mayai na wachache wa mboga, walinifuata ofisini na barua. Walitaka niisome, nirekebishe lugha, kisha niweke saini kama mtaalamu. Ilikuwa inakwenda kwa moja ya klabu za kujitolea za mjini, hizi za Rotary na Lions. Walikuwa wanaomba kisima, pampu ya sola, tanki na vifaranga elfu moja. Kurasa mbili nzima za kuomba, na hakuna mstari hata mmoja unaosema kikundi chenyewe kimeshafanya nini. Saini sikuweka. Nikawaambia wakakae kwanza. Kuna walionuna, na ni haki yao, lakini barua za aina hii naziona nyingi, kwa hiyo nadhani maelezo yangu yanawahusu wengi.

Kwanza tuwajue tunaowaomba. Rotary ilianza Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Walikuwa watu wanne tu: mwanasheria Paul Harris, mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa nguo. Walikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina lenyewe limetokana na huko kuzunguka. Na tusidanganyane, hawakuanza kama watoa misaada. Walikuwa wafanyabiashara wanaotafuta marafiki na wateja katika mji mkubwa ambao kila mtu ana haraka. Walikuwa na kanuni kwamba kila fani inatoa mtu mmoja: mwanasheria mmoja, muuza makaa mmoja, fundi mmoja, ili wasigombanie mteja yule yule.

Hapo simama kidogo. Angalia kikundi chako. Watu ishirini, wote mnafuga kuku wa mayai, wote mnauza trei kwa dalali yule yule anayekuja na kirikuu kutoka Bunju, na bei anawapangia yeye. Je, yupo fundi wa pampu kwenye kikundi? Muuza pembejeo? Mwenye bodaboda ya mizigo? Mama lishe anayenunua mayai kila siku? Mngekuwa na watu sita wa aina sita mngekuwa mbali kuliko ishirini wa aina moja.

Mwaka 1907 wale wa Chicago walifanya mradi wao wa mwanzo kwa ajili ya jamii. Unajua ulikuwa nini? Choo. Choo cha umma katikati ya mji. Wanasheria na wafanyabiashara walihangaika na serikali ya mji wao mpaka kikajengwa. Mimi habari hii huwa naipenda sana, maana sisi tukisikia “mradi wa jamii” tunawaza jengo na utepe wa kukata. Wao waliona shida iliyokuwa mbele ya macho yao, ambayo hata wateja wao walikuwa nayo.

Miaka kumi baadaye, 1917, hapo hapo Chicago ikaja Lions, ya mtu wa bima aitwaye Melvin Jones. Hao mnawajua zaidi kwa kambi za macho. Kwetu Afrika Mashariki mambo haya si mageni. Nairobi ina klabu ya Rotary tangu 1930, na ya Dar es Salaam ilikuwepo kabla ya Uhuru. Siku hizi wengi wanaifahamu kwa zile mbio za Oktoba 14, Siku ya Nyerere.

Sasa vikao vyao. Niliwahi kualikwa na klabu moja ya Dar nikazungumze kuhusu bustani za mboga mashuleni. Saa waliyosema ndiyo saa waliyoanza. Kengele iligongwa, na waliochelewa waliingia kwa kunyata. Yupo mtu kazi yake ni kutoza faini: simu ikiita, faini, ukichelewa, faini, hata aliyefurahi kwa sababu binti yake amefaulu alitoa hela, tena akicheka. Faini zote zinaingia kwenye kapu la miradi. Mimi nilipewa dakika 20, na dakika ya 20 nilikatwa nikiwa ndo kwanza nimefika kwenye samadi. Halafu wakapitia mradi wao mmoja mmoja: nani aliahidi nini, amefanya au hajafanya. Saa moja, kengele, basi.

Na uongozi wao ni wa mwaka mmoja. Kila Julai 1 rais wa klabu anatoka, anaingia mwingine, na huyo anayeingia anakuwa ameshajulikana mapema, anajifunza kazi. Hakuna kuchokana wala kugombana. Kwetu? Mwenyekiti ni yule yule tangu kikundi kisajiliwe, daftari liko kwake, muhuri uko kwake, na siku akisafiri kikundi kinasafiri naye.

Kikao chetu kinaitwa lini? Tuseme ukweli. Kinaitwa ikisikika halmashauri inatoa ile mikopo ya asilimia kumi, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hapo hata waliohamia Kibaha wanarudi. Fomu zikishajazwa, kimya. Mwaka 2023 mikopo ile iliposimamishwa ili utaratibu urekebishwe, vikundi vingi ninavyovijua vilisimama nayo siku hiyo hiyo. Ina maana havikuwa vikundi. Ilikuwa foleni.

Najua jibu lenu, nimeshalisikia: “Bwana shamba, wale ni matajiri, wanakutana hotelini, wanaongea Kiingereza.” Ni kweli, sehemu kubwa. Ada ipo, chakula cha kikao unalipia, na kijana anayeanza na kuku mia mbili hawezi. Kwa vijana ipo Rotaract, iliyoanzishwa 1968, kuanzia miaka 18, na hiyo ni nafuu, anayetaka ajaribu. Lakini sikutumi ununue suti. Siku maalumu, saa maalumu, faini, uongozi wa mwaka mmoja: hivyo vyote havina bei. Klabu za Rotary zilikuwa zinakutana kila wiki, na tangu 2016 zimeruhusiwa kupunguza ila si chini ya mara mbili kwa mwezi. Hata nyie mara mbili kwa mwezi mnaweza, chini ya mwembe.

Turudi kwenye ile barua ya kisima. Watu wengi wanadhani klabu hizi zinagawa hela kama sadaka ya Ijumaa. Si hivyo. Mfuko wa Rotary, kwa ile miradi yao mikubwa inayounganisha klabu za nchi mbili, hautazami bajeti iliyo chini ya dola 30,000, na unataka kwanza uoneshe kwamba jamii yenyewe imeulizwa shida yake ni ipi. Kisha lazima ueleze mradi utaendeshwaje wao wakishaondoka. Nani atanunua betri ya sola ikifa? Nani atakusanya hela ya maji? Maji ya jamii vijijini yana utaratibu wake tangu RUWASA ianzishwe 2019, kuna chombo cha watumia maji. Mmeongea nao? Barua ile ingeishia kwenye swali la kwanza. Na hata ingepita, mimi nimeona visima vya msaada ambavyo leo mbuzi wanajikuna kwenye bomba lake. Wafadhili walipiga picha, wenyeji wakapiga makofi, na mpira wa pampu ulipokatika kila mtu akasema chenyewe ni cha wafadhili.

Kuna kazi moja ya Rotary ambayo nadhani ndiyo somo lenyewe kwetu sisi wafugaji. Polio. Walianza kuichangia dunia nzima mwaka 1985, pamoja na Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ikatangazwa kuwa imemaliza polio ya asili. Februari 2022 akaonekana mtoto mmoja Malawi mwenye virusi vya polio vilivyotokea Pakistani. Mtoto mmoja tu, na nchi jirani zote, sisi tukiwemo, wachanjaji wakaanza kupita mlango kwa mlango wakitafuta watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa nini mlango kwa mlango? Kwa sababu kuchanja wa kwako peke yake hakutoshi wakati virusi vinazunguka mtaani.

Sasa njoo kwenye kideri. Wewe umenunua vifaranga, siku ya 7 umechanja, ya 21 umerudia, daftari lako safi. Nje ya wavu wako kuna kuku wa kienyeji wa Bibi, kumi na mbili, hawajawahi kuona chanjo. Wanachakura mpaka mlangoni kwa banda lako. Upepo wa kiangazi ukianza, wanaanza kuharisha kijani, mabawa yanalegea, shingo zinapinda, wanakufa. Bibi anachinja waliobaki, manyoya anatupa jalalani, mbwa anayasambaza. Kijana wako wa kazi anakanyaga, anaingia bandani. Trei za dalali zimepita mabanda kumi kabla ya lako. Chanjo inamsaidia kuku wako asiugue sana, lakini haijengi ukuta. Virusi vikiwa vingi nje, vitatafuta kuku ambaye chanjo haikumshika vizuri, na katika kuku elfu moja hawakosekani.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: mradi wa kwanza wa jamii wa kikundi chenu uwe kuchanja kuku wote wa kienyeji wa kitongoji chenu, nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi mitatu. Chanjo ya matone ya macho inatengenezwa hapa hapa mkoani kwetu, Kibaha, na maabara ya serikali ya mifugo, TVLA. Inastahimili joto kuliko chanjo zile za zamani, ingawa hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au jogoo. Wanaoonekana wagonjwa msiwaguse siku hiyo, maana wakifa itasemwa mmewaua nyie, na mzunguko wa pili hamtafunguliwa mlango.

Nani alipe? Wenzangu wa mifugo wanasema cha bure hakithaminiwi, mwenye kuku achangie tangu siku ya kwanza. Mimi nakubaliana nao nusu. Mzunguko wa kwanza lipeni nyie, kwenye lile kapu la faini na ada. Kiangazi kikipita na kuku wa Bibi wako hai, mzunguko wa pili atatoa mwenyewe, na atawaambia majirani zake.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo inayoninyima usingizi. Mapinga inajaa. Shamba lililokuwa la mihogo na mikorosho leo ni viwanja, na kila wiki lori la tofali linashusha. Wanaohamia kutoka Dar wamekuja kutafuta hewa safi, wanakuta banda lako upande wa upepo. Malalamiko ya harufu na nzi tayari yapo kwa mtendaji. Siku ya mkutano wa hadhara, hoja ya mabanda ikiletwa, wewe una nani wa kukusemea? Mfugaji anayejulikana kwa harufu tu ataondoka. Kikundi kinachopita kila miezi mitatu kuchanja kuku wa watu bure au kwa hela ndogo, kinachofukia mizoga, kinachogawa samadi iliyokauka kwenye bustani za majirani, hicho kina watu wa kunyoosha mikono. Sisemi mfanye hivyo kwa ujanja. Nasema biashara yenu imekaa katikati ya watu, na hao watu wana kura.

Kisima? Kiombeni, ila baadaye. Mkienda kwa klabu yoyote na daftari la mizunguko minne ya chanjo, lenye majina ya kaya, idadi ya kuku na hela iliyochangwa, hamtahitaji kurasa mbili za kulia. Na mimi saini nitaweka bila kuulizwa mara mbili.

Kikundi kitakachokuwa tayari kianze na kitongoji kimoja tu, kisichozidi kaya hamsini. Muoneni mwenyekiti wa kitongoji kwanza, msipite kimya kimya. Andikeni orodha ya kaya na kuku kabla ya kununua chanjo, ili msinunue pungufu wala ziada. Afisa mifugo wa kata tutakuja naye kuwaonesha namna ya kumshika kuku na kudondosha tone bila kumgusa jicho. Pangeni jioni giza likianza kuingia, kuku wakishapanda kulala; mchana mtakimbizana nao mpaka Kerege.