Kinyume, Pinduo na Tenduo: Istilahi za Hisabati na Kitufe cha Kikokotoo Unguja

1.0 Utangulizi

Mjadala juu ya istilahi za hisabati katika Kiswahili aghalabu huishia kwenye swali la wingi: maneno yapo mangapi, na yanayokosekana ni mangapi. Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo peke yake halitoshi. Istilahi inaweza kuwapo, ikajulikana na kila mtu, na bado ikampoteza anayeitumia kwa kuwa imebebeshwa dhana mbili zinazopaswa kutenganishwa. Mfano unaojadiliwa ni neno kinyume, hasa pale mtu anapotumia kikokotoo kutafuta pembe kutokana na uwiano wake wa kitrigonometria. Jambo hili huonekana dogo. Hesabu za kibla na za wakati wa Alasiri katika kisiwa cha Unguja zinaonyesha kwamba si dogo hata kidogo.

2.0 Alama moja, dhana mbili

Kikokotoo cha kisayansi cha aina iliyozoeleka, kama vile cha Casio, kina kitufe cha x⁻¹. Mtu akiingiza 4 na kukibonyeza hupata 0.25, yaani moja gawanya kwa nne. Kwenye kikokotoo hicho hicho, juu ya kitufe cha tan, imeandikwa tan⁻¹, ambayo hupatikana kwa kutanguliza SHIFT. Hapa alama ile ile haihusiki na kugawanya. Inauliza: ni pembe gani ambayo tanjenti yake ni namba hii?

Alama hiyo ilianzishwa na Mwingereza John Herschel mwaka 1813. Mantiki yake ilikuwa safi: ikiwa kipeo 2 kinaonyesha tendo lililorudiwa mara mbili, basi kipeo hasi 1 kionyeshe tendo lililorudishwa nyuma. Lakini desturi iliyoshinda ni ya kuandika tan² kwa maana ya tanjenti iliyozidishwa kwa tanjenti. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma tan⁻¹ kuwa ni moja gawanya kwa tanjenti hajafanya uvivu. Amefuata kanuni aliyofundishwa. Inafaa kukumbuka kwamba HP-35, kikokotoo cha mkononi kilichotoka mwaka 1972, kilikuwa na kitufe cha ARC badala ya alama ya Herschel. Njia ya kuepuka utata ilikuwapo, ila haikuenea.

Kabla ya kikokotoo, mwanafunzi alitumia majedwali ya tarakimu nne. Ili kupata pembe, aliutafuta uwiano katikati ya jedwali, kisha akarudi kwa kidole hadi pambizoni ziliko nyuzi. Mkono wenyewe ulionyesha kwamba anarudi alikotoka. Kikokotoo kimeuondoa mwendo huo na kuacha alama tupu. Mzigo uliobebwa na kidole sasa unapaswa kubebwa na lugha. Na lugha, badala ya kuupokea, hutoa neno moja tu, kinyume, kwa x⁻¹, kwa tan⁻¹, na hata kwa uhusiano wa 5 na −5.

3.0 Kibla cha Mji Mkongwe

Mji Mkongwe uko nyuzi 6 na dakika 10 kusini ya ikweta, na nyuzi 39 na dakika 12 mashariki ya Greenwich. Makka iko nyuzi 21 na dakika 25 kaskazini, na nyuzi 39 na dakika 50 mashariki. Kanuni ya pembetatu za tufe hutoa uwiano ambao ndio tanjenti ya pembe ya kibla kutoka kaskazini. Kwa vipimo hivi uwiano huo ni 0.0222.

Anayebonyeza tan⁻¹ atapata nyuzi 1.27: kibla cha Unguja kinaelekea karibu kaskazini kabisa, kikiegemea mashariki kidogo mno. Anayeelewa kinyume kuwa ni x⁻¹ atapata 45. Jibu hili ni la hatari kwa sababu halishtui. Nyuzi 45 ni pembe nzuri, inayoaminika, nayo inamwelekeza msali kaskazini-mashariki, Bahari ya Hindi. Kosa ambalo lingetoa jibu la ajabu lingejifichua lenyewe. Hili linavaa sura ya usahihi.

4.0 Kivuli cha Alasiri

Utata huzidi pale hesabu moja inapohitaji vitufe vyote viwili. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Unguja, Alasiri huingia pale kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kivuli kilichokuwapo adhuhuri. Katika siku za Machi na Septemba ambapo jua liko juu ya ikweta, kijiti cha mita moja mjini Unguja huwa na kivuli cha adhuhuri cha sentimita 11 hivi. Kivuli cha Alasiri, basi, ni mita 1.11.

Wanafalaki wa Kiislamu wa zama za kati waliuita uwiano huu kivuli. Leo huitwa kotanjenti, na kikokotoo cha kawaida hakina kitufe chake. Hivyo 1.11 hupinduliwa kwanza kwa x⁻¹ kuwa 0.90, kisha tan⁻¹ hutoa urefu wa jua: nyuzi 42. Mwenye kuambiwa "tafuta kinyume cha tanjenti" akaishia kwenye kitufe kimoja atapata nyuzi 48. Tofauti ya nyuzi 6 siku hiyo ni dakika zipatazo 24, na ni dakika za kutangulia. Adhana ingetolewa kabla ya wakati kuingia, na sala iliyosaliwa kabla ya wakati wake haisihi.

5.0 Kauli ya kutendua

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kina kauli ya kutendua, ambayo kwa kiambishi -u- au -o- hugeuza kitenzi cha kufanya kuwa cha kuondoa kilichofanywa: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua, kunja na kunjua, choma na chomoa. Mvuvi wa Unguja anayekunjua tanga hafanyi kitu kilicho dhidi ya kukunja kwa jumla. Anarudisha tanga katika hali iliyokuwapo kabla halijakunjwa. Hiyo ndiyo dhana ya tan⁻¹. Tanjenti huchukua pembe na kutoa uwiano. Tan⁻¹ huchukua uwiano na kurudisha pembe.

Aidha, hisabati ya shule za msingi za Tanzania imekwisha kupita njia hii. Humo kipeo cha pili cha 3 ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Maneno kipeo na kipeuo yanatofautiana kwa sauti moja tu, nayo ndiyo sauti inayotendua. Kwa mfano huo, na kwa kuwa hisabati imezoea kuzungumzia matendo, panapendekezwa jozi ya tendo na tenduo. sin⁻¹ isomwe tenduo la sini, na tan⁻¹ isomwe tenduo la tanjenti. x⁻¹ iitwe pinduo, kwani tayari sehemu hupinduliwa katika somo la kugawanya. Kinyume kibaki kwa 5 na −5. Maelekezo ya Alasiri yatakuwa mafupi: pindua kivuli, kisha tendua tanjenti.

6.0 Pingamizi mbili

Huenda ikasemwa kwamba tenduo linaahidi zaidi ya linavyoweza. Sini ya nyuzi 150 ni 0.5, lakini kikokotoo kikipewa 0.5 hurudisha nyuzi 30. Pingamizi hili ni la kweli, na lina mfano wa karibu na Wazanzibari wengi. Kanuni ile ile ya kibla ikitumiwa Maskati, uwiano ni kama 16, na tan⁻¹ hutoa nyuzi 86 hivi, yaani mashariki. Makka iko magharibi ya Maskati. Pembe sahihi ni nyuzi 266, na anayekiamini kikokotoo bila kufikiri ataipa Makka mgongo. Hata hivyo, kasoro hii ni ya tendo lenyewe, ambalo hupeleka pembe nyingi kwenye uwiano mmoja. Istilahi haiwezi kubeba fasili nzima. Kazi yake ni kumweka msomaji kwenye swali sahihi, na anayejua kwamba anatendua ataweza kuuliza ni pembe ipi kati ya zile zilizoweza kutendwa. Anayedhani kwamba anagawanya hawezi kuuliza hivyo.

Pingamizi la pili ni kwamba suala limepitwa na wakati, kwa kuwa Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Ieleweke, lakini, kwamba kubadili lugha hakukuondoa utata huu. Alama ya Herschel ni ya Kiingereza kwa kuzaliwa, na Kiingereza nacho hutumia neno moja kwa kinyume cha kujumlisha, cha kuzidisha na cha tendo. Mwanafunzi alihamishwa kutoka utata mmoja hadi mwingine, tena katika lugha asiyoimudu kiasi cha kuutambua.

7.0 Hitimisho

Baraza la Kiswahili la Zanzibar, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, yana wajibu wa kusanifu istilahi. Usanifu huo usihesabu maneno tu. Upime kama kila neno linamfikisha mtumiaji kwenye kitufe kinachostahili. Kipimo hicho kitumiwe kwa tenduo na pinduo pia, mbele ya walimu wa hisabati na wanafalaki wa Unguja, kabla ya kuyaingiza kamusini. Yakishindwa, yaachwe. Lisiloweza kuendelea kuachwa ni neno moja linaloelekeza vidole kwenye vitufe viwili.