Muuguzi Naye ni Tiba

Limezoeleka wazo kwamba daktari ndiye anayetibu, na muuguzi kazi yake ni kutimiza maagizo tu. Wazo hilo ni potofu, na upotofu wake huonekana wazi katika maradhi sugu ya uvimbe wa utumbo.

Maradhi hayo ni ya aina mbili kubwa: ugonjwa wa Crohn, ulioelezwa na madaktari watatu wa New York mwaka 1932, na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Mara nyingi huanza katika umri wa kufanya kazi. Mgonjwa huharisha kwa majuma mengi, huweza kutokwa na damu, hukonda na kuchoka. Dawa huutuliza ugonjwa, haziung'oi. Hupoa, kisha hurudi.

Daktari humwona mgonjwa huyo siku chache tu kwa mwaka. Siku zilizobaki, ni nani atakayemwonya asiache dawa eti kwa sababu amepata nafuu? Ni nani atakayemweleza kwamba dawa za steroidi hazikatizwi ghafla, na kwamba sigara huuzidisha ugonjwa wa Crohn? Ni nani atakayemsikiliza mwalimu anayetoka darasani mara tano asubuhi moja, akaona haya kusema sababu, huku wenzake wakimwita mtegaji? Ni muuguzi.

Wenzetu wa Ulaya wamekwisha kulitambua jambo hili. Wauguzi wa fani hiyo walitoa mwongozo wa pamoja mwaka 2013, wakaupitia upya mwaka 2018. Huko Uingereza hospitali nyingi zina muuguzi maalumu na simu ya ushauri. Mgonjwa akiona dalili zinarudi hupiga simu, hangoji tarehe ya kliniki.

Hapa Tanzania haja hiyo ina uzito wa pekee. Kifua kikuu cha utumbo hufanana sana na ugonjwa wa Crohn, na baadhi ya dawa zake zaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala mwilini. Muuguzi anayemjua mgonjwa wake huweza kuitambua hatari hiyo mapema.

Hatudai kila zahanati iwe na bingwa. Tunachodai ni kwamba kila hospitali ya rufaa imteue muuguzi mmoja, imfundishe, impe daftari la wagonjwa wake na simu, wala asihamishwe ovyo. Nao wakuu wa shule na ofisi wajue kwamba mgonjwa aombaye ruhusa si mvivu. Kumtunza mfanyakazi ni kuitunza kazi yenyewe.