Mchoro wa Nyumba Uanze kwa Atakayeikaa

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Hekima hiyo inafaa kukumbukwa wakati huu ambapo mfanyakazi wa Kenya anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, naye mwajiri akitoa kiasi kama hicho. Mengi yamesemwa kuhusu fedha hizo. Ni wachache, hata hivyo, wanaouliza nani huamua jiko liwe wapi, nguo zianikwe wapi na watoto wachezee wapi.

Swali hilo lilijibiwa katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso. Msanifu majengo Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji hicho, alikuwa angali mwanafunzi mjini Berlin alipochangisha fedha za kujenga shule ya msingi kwao. Ilikamilika mwaka wa 2001. Wanakijiji wenyewe ndio waliokuwa wajenzi: walibeba mawe ya msingi, wakateka maji, wakafunzwa kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa la mabati liliinuliwa juu ya dari ili hewa ya joto ipate kutoka. Mnamo 2022, Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, iliyo kuu katika fani hiyo.

Isidhaniwe kwamba maafikiano yalikuja kwa urahisi. Wenyeji waliutilia shaka udongo, kwa kuwa walikwisha kuona mvua ikibomoa kuta zake. Ilimbidi msanifu awathibitishie kwa vitendo. Huo ndio ushirikiano wa kweli: mtaalamu hatupi elimu yake, wala mwananchi haitwi kupiga makofi tu. Kila upande huleta ujuzi ambao mwenzake hana.

Hapa kwetu, kampuni ya Kéré ilisanifu chuo cha teknolojia kando ya Ziwa Turkana, kilichokamilika mwaka wa 2021. Minara yake ya kupitishia hewa imeiga vichuguu vya mchwa vya eneo hilo, na mawe yake yalichimbwa huko huko.

Watakuwapo watakaosema kwamba Gando ni kijiji, na kwamba maelfu ya nyumba za ghorofa mjini hayawezi kungojea vikao. Hoja hiyo inajipinga yenyewe. Kosa la mchoro mmoja, likirudiwa katika nyumba elfu moja, huwa makosa elfu moja. Hatumtaki mkazi wa Mukuru abebe mawe. Twataka muuza mboga aulizwe atahifadhi wapi bidhaa zake, na mzee aulizwe atapandaje ngazi.

Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ushiriki huo hauna maana iwapo mwananchi ataonyeshwa mchoro baada ya zabuni kutolewa. Yafaa wasimamizi wa mpango huu wajenge kwanza nyumba moja ya mfano katika kila mradi, wapangaji watarajiwa waikague na kuikosoa, kisha mchoro urekebishwe kabla ya msingi kuchimbwa. Anayekatwa mshahara ana haki ya kusikizwa wakati kalamu ingali inaweza kufuta.