Ripoti imeandikwa, lakini nani ameandikiwa?

Kila mwaka, ninapofika kwenye somo la mnyambuliko wa vitenzi, huwaandikia wanafunzi wangu ubaoni maneno mawili: "imeandikwa" na "ameandikiwa". Huwauliza tofauti yake ni nini. Wepesi wao hujibu kwamba, ukiacha kiambishi cha mwanzo, ni irabu moja tu, na wamesema kweli. Lakini ndani ya irabu hiyo mna mtu. Barua iliyoandikwa ni karatasi yenye wino. Aliyeandikiwa barua ni binadamu anayengojewa aifungue, aisome, aielewe na pengine ajibu. Kauli ya kutendea ndiyo inayomtia msikilizaji katika sentensi. Ukiiondoa, anabaki msemaji peke yake na maneno yake.

Somo hilo lilinirudia siku nilipohudhuria mkutano wa wananchi katika eneo la Nyatike, Kaunti ya Migori. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilikuwa ikitafuta kibali cha kutumia sayanidi kutoa dhahabu katika mchanga unaoachwa na wachimbaji wadogo. Mtaalamu aliyeajiriwa na kampuni hiyo alikuja na ripoti nene iliyofungwa vizuri. Alizungumza Kiingereza kwa muda mrefu, na kijana mmoja wa pale akatakiwa kukalimani kwa Dholuo. Kila mtaalamu alipotaja maji taka yenye kemikali, kijana alisema "pi", yaani maji, basi. Na mtaalamu alipoeleza kwamba athari zitakuwa ndogo iwapo hatua kadhaa za tahadhari zitazingatiwa, kijana alifupisha kwa maneno mawili: "Onge wach." Hakuna neno.

Mama mmoja mzee aliyeketi mbele aliinua mkono. "Nyathina," alimwambia yule kijana, "waulize haya maji tutakunywa au hatutakunywa?" Swali hilo lilifasiriwa, likajibiwa kwa aya nzima ya Kiingereza, na jibu likarudi kwake likiwa limekondeana: onge wach. Kisha ikapitishwa orodha, waliohudhuria wakatia sahihi au alama ya kidole gumba. Orodha hiyo ndiyo hutumika baadaye kuthibitisha kwamba umma ulishirikishwa.

Sidai kwamba mtaalamu yule alidanganya, wala simlaumu kijana mkalimani aliyetwishwa mzigo usiokuwa wake. Ninachouliza ni jambo lililo chini ya yote hayo: ripoti ile ililipiwa na nani, na kwa sababu hiyo iliandikwa kwa ajili ya nani?

Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kwa mazingira kwa gharama yake mwenyewe. Yeye ndiye humtafuta mtaalamu aliyeidhinishwa na kumlipa. Juu ya hayo kuna ada za serikali: kanuni za mwaka 2003 ziliweka asilimia 0.1 ya gharama za mradi, yaani mradi wa shilingi milioni 50 ungelipiwa shilingi 50,000. Viwango hivyo vimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu wakati huo. Mradi ukishaanza, kampuni hutakiwa kufanya ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha matokeo kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, na hapo pia mfuko unaofunguliwa ni ule ule wa kampuni.

Mtindo huu si wa Kenya pekee. Mjini London lilianzishwa mwaka 2000 shirika lililoitwa Carbon Disclosure Project, ambalo siku hizi hujulikana kama CDP. Kazi yake ni kuzipelekea kampuni za dunia hojaji ndefu kuhusu hewa ukaa, maji na misitu, kwa niaba ya wawekezaji na wanunuzi wakubwa, kisha kuzipa alama kama tunavyowapa wanafunzi, kuanzia A kushuka chini. Kampuni nyingi zinazojibu hutozwa ada ya kila mwaka ili zishiriki. Majibu huandikwa na kampuni zenyewe, na kampuni huweza kuchagua ama yawekwe wazi kwa umma, ama yabaki kwa wale walioyaomba. Hapa nyumbani, Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wa taarifa za namna hiyo mnamo Novemba 2021, na kampuni zetu kubwa zimeanza kuajiri washauri wa kuziandaa.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi. Walisema tu kwamba mkono unaovuta ngozi huivuta upande ulipo. Mtaalamu anayelipwa na kampuni anaweza kuwa mwaminifu kabisa katika vipimo vyake, lakini anapokaa kuandika, anayemwona mbele ya macho yake ni mteja wake na afisa atakayetoa kibali. Anayejaza hojaji ya London humwona mwekezaji. Yule mama wa Nyatike haonekani popote. Hakulipa ada, hakuagiza ripoti, hivyo lugha yake, maswali yake na kiwango chake cha elimu havikuwekwa kwenye mizani. Ada, pamoja na kulipia kazi, humteua msikilizaji.

Na tusidhani kwamba aliyeachwa nje ana hasara ndogo. Dhahabu si jambo geni Migori. Mgodi wa Macalder ulichimbwa shaba na dhahabu hadi ulipofungwa mwaka 1966, na tangu hapo maelfu ya wachimbaji wadogo wameendelea kwa sururu, karai na zebaki. Zebaki hunasa chembe za dhahabu. Ikichomwa hugeuka mvuke unaovutwa na wachomaji na majirani zao, na ikiingia majini inaweza kubadilika ikawa sumu kali zaidi inayojikusanya katika samaki. Dunia ilijifunza jambo hilo kwa machozi huko Minamata, nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwanda ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, umepewa jina la mji huo.

Mto Kuja hupokea maji ya Mto Migori na kumwaga katika Ziwa Viktoria huko huko Nyatike. Ziwa hilo ndilo linaloendelea kaskazini hadi Homa Bay, kwenye fuo za Mbita, Rusinga na Mfangano, ambako watu huvua, hufuga samaki kwenye vizimba, huteka maji ya kupikia na huoga. Samaki hana kitambulisho cha kaunti. Kwa hiyo ripoti inayoandikwa kuhusu mchanga wa Nyatike inamhusu pia mvuvi wa Homa Bay, ambaye hata kwenye ule mkutano hakualikwa.

Najua nitajibiwa kwamba ni haki mwenye mradi alipe. Nakubaliana na jibu hilo kwa moyo wote. Kanuni ya kwamba anayechafua ndiye alipe imo katika sheria yetu, nayo ni ya busara. Itakuwa dhuluma kumtoza mkulima wa mtama gharama ya kuchunguza kiwanda cha tajiri. Aidha, shirika lolote linalokusanya taarifa haliwezi kuishi kwa hewa. Tatizo langu ni kwamba malipo hayo yanaishia njiani. Yananunua utafiti, yananunua maandishi, yananunua muhuri, halafu yanakoma kabla ya kununua kitu cha mwisho na cha maana kuliko vyote, yaani kueleweka na anayehusika.

Tazama jinsi sheria yenyewe ilivyokaribia ukweli huu kisha ikasita. Kanuni za mwaka 2003 zinataka mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathirika, na zinataka ilani ya mradi itangazwe redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji. Zinataka pia ripoti iambatane na muhtasari usiokuwa wa kitaalamu. Lakini ilani ndiyo iliyowekewa sharti la lugha ya wenyeji, muhtasari haukuwekewa. Matokeo yake ni kwamba mwananchi huambiwa kwa lugha yake kuwa ripoti ipo, kisha akienda kuitafuta huikuta kwa lugha nyingine. Nakala huwekwa ofisini ili isomwe, na anayetaka kumbukumbu nyingine zilizo mikononi mwa Mamlaka huomba, na huweza kutozwa ada. Asiyejua maana haambiwi maana, ndivyo tusemavyo. Lakini hapa asiyejua hutakiwa apande gari hadi mjini akanyimwe maana hiyo.

Kuna waliokwisha kuonja matokeo ya kusita huko. Mnamo Juni 2019, jopo la kitaifa la rufaa za mazingira lilifuta leseni ya mradi wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu. Ripoti ya mradi ule ilikuwepo na ilikuwa kubwa. Sababu mojawapo ya kufutwa ni kwamba wakazi hawakushirikishwa ipasavyo: mikutano iliyofanywa mwanzoni haikuweza kuchukua nafasi ya kuwaeleza wananchi yale utafiti uliyoyagundua. Mamilioni ya shilingi yalikuwa yamekwisha kutumika. Kampuni zinazoona kwamba kuwaeleza wananchi ni gharama ya ziada zingefaa kutafakari gharama ya kutowaeleza.

Wengine watasema kwamba lugha zetu hazina istilahi za kazi hiyo. Kwa hili ninazungumza kama mtu wa taaluma: si kweli. Zebaki ni neno la Kiswahili la miaka mingi. Tuna hewa ukaa, maji taka, mashapo, tabianchi. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 ziliweka kikomo cha uchafu unaokula oksijeni ya maji, kwamba usizidi miligramu 30 kwa lita ukimwagwa katika mazingira. Je, ni vigumu kuandika: "Sheria inaruhusu 30. Mwezi huu kiwanda kilimwaga kiasi hiki"? Mtoto wa darasa la sita atasoma na atamsomea nyanya yake. Lugha yenyewe haijapungukiwa. Kilichopunguka ni anayelipwa kuitumia.

Ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila tathmini na kila ukaguzi usipokelewe bila muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, iwe Dholuo, Kikuria au Olusuba, usomwe kwa sauti katika baraza la chifu na ubandikwe shuleni, zahanatini na ufuoni. Gharama yake ihesabiwe ndani ya ada ile ile. Pili, mwenye mradi alipe, lakini fedha ziingie katika mfuko wa pamoja, na mtaalamu ateuliwe na Mamlaka badala ya kuchaguliwa na anayechunguzwa. Tatu, anayeishi karibu na mradi asitozwe hata senti moja kuona taarifa zake.

Walimu na wanafunzi wasisubiri hayo yatimizwe. Chuo Kikuu cha Rongo kiko Migori, na Chuo Kikuu cha Tom Mboya kiko Homa Bay. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu ya tafsiri ana ripoti zinazomngojea hatua chache kutoka bwenini. Mwalimu wa shule ya upili anaweza kuchukua ukurasa mmoja wa ripoti ya kiwanda cha karibu akawapa wanafunzi wautafsiri, badala ya kifungu kingine kuhusu theluji ya Ulaya. Watajifunza msamiati, watajifunza sayansi, na watagundua mapema kwamba lugha ni kisima. Anayefunga mlango wake anawanyima wengine maji.

Nilipoondoka Nyatike jioni ile, yule mama alinishika mkono akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mwalimu, wewe umesoma. Wamesema nini?" Nilimweleza nilivyoweza, tukiwa tumesimama kando ya barabara, kwa muda usiozidi dakika kumi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili ambayo hayakuwa katika ripoti nzima, kisha akaniambia kwamba kama angeelezwa hivyo tangu asubuhi, asingetia kidole chake kwenye ile orodha kabla ya kujibiwa.

Dakika kumi, na hakuna aliyekuwa amelipwa kuzitoa. Ripoti ile ilikuwa imeandikwa. Yeye hakuwa ameandikiwa.