Elimu ya Chembe Ndogo Imfikie Fundi wa Jua Kali

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mimi nasema hata chembe isiyoonekana kwa macho ina kazi yake, nayo yafaa imfikie fundi.

Itazame sufuria ya alumini. Ilianza kama bati bapa, mashine ikalisukuma ndani ya kalibu. Bati na kalibu vikisuguana kavukavu, bati hukwaruzika au hupasuka, na kalibu huliwa upesi. Ndiyo sababu hupakwa mafuta.

Siku hizi wanasayansi huyatia mafuta hayo chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe hizo hazifiki nanomita 100. Nyingine huziba vishimo vya chuma, nyingine hubiringika kama gololi za beringi, basi msuguano ukapungua. Hata grafaiti, ile iliyomo ndani ya penseli yako, hutumika.

Wako wasemao ati hayo ni mambo ya Ulaya. Sikubaliani nao hata kidogo! Hapa hapa Nchiru tuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013. Nao mafundi wa jua kali wamejaa nchini. Fundi akikosa mafuta mazuri hupaka oili chakavu ya gari, na wataalamu wa afya huonya kwamba kuishika kila siku kwaweza kuleta saratani ya ngozi. Bati likipasuka, hasara ni yake peke yake.

Hata hivyo, tusimuuzie fundi chupa tu na kwenda zetu. Chembe hizo hushikamana na kutuama chini mafuta yasipokorogwa vyema, na unga wake mkavu si wa kuvutwa puani. Afundishwe kwanza.

Maoni yangu ni haya: wanafunzi wa chuo waende vibandani, waanze na mafuta safi na grafaiti, kisha nano, wakihesabu mabati yanayopasuka kila mara. Nasi wanachama wa Kiswahili tuyaandike matokeo kwa lugha ambayo fundi anaielewa, maana ripoti ya Kiingereza kabatini haimsaidii kitu.

Wenzangu, mwaonaje?